Jinsi ya kupata raifo nyepesi ya kuwindia inayopiga mbali: anza na mizani, mtutu uwe wa mwisho

Ukishatembea toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita mchana nyuma ya kundi la kongoni ndo utajua bunduki yako ina kilo ngapi. Dukani unaishika dakika mbili unaona poa tu, nyumbani unailenga kwenye ukuta wa sebule unaona tamu kabisa, ila porini huko upande wa Liwale, mkanda ushakata bega, jasho limeingia machoni, traka, yule anayefuata nyayo za mnyama, amechuchumaa ananyoosha kidole taratibu bila kusema neno, na we unainua bunduki unakuta mikono inatetemeka. Hapo hakuna cha mtutu mzuri wala darubini ya bei mbaya. Umechoka, na mtu aliyechoka hapigi vizuri.

Mimi nilibeba bunduki ya kilo tano na zaidi kwa misimu kadhaa kabla sijakaa chini nikaipunguza, na nilichojifunza ndo hiki nakiandika. Watu wengi wakitaka raifo nyepesi wanakimbilia mtutu, wanataka ukatwe, uchongwe, uwe mwembamba kama bomba la antena, wakati uzito mwingi wa bure haupo kwenye mtutu kabisa. Upo kwenye vitu tulivyoning'iniza wenyewe.

Kabla ya yote, hapa kwetu Tanzania silaha haitengenezwi gereji. Tunao mafundi vyuma wazuri sana pale mtaa wa Gerezani, Dar, mtu akikuchongea shafti ya gari utampenda, ila bunduki sio shafti. Kuna sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, kumiliki ni kwa leseni na kutengeneza au kurekebisha ni kwa mtu mwenye kibali cha kazi hiyo, basi. Leseni yako inahusu bunduki ile ile, namba ile ile, kaliba (saizi ya risasi) ile ile, kwa hiyo ukitaka kubadili mtutu au kaliba unaanzia ofisi ya polisi iliyokupa leseni, huanzii kwa fundi. Na ukiagiza bunduki mpya kutoka nje, pitia kwa muuzaji mwenye leseni, karatasi zitangulie, pesa zifuate. Najua inachosha kusubiri, hata mimi nilisubiri, ila hakuna njia ya mkato hapo na usikubali mtu akuoneshe moja.

Haya, kazi yenyewe inaanza na mizani. Sio ya kubahatisha, mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu, Kariakoo zimejaa. Toa risasi zote, vuta bolti, chungulia mara mbili chemba, pale risasi inapokaa, na upitishe kidole, peleka risasi chumba kingine kabisa, ndo uanze kufungua vitu vinavyofunguka kwa skrubu za kawaida: darubini, pete zinazoishika, bezi zinazobeba pete juu ya bunduki, mkanda, miguu ya mbele ya kusimamishia bunduki kama unayo. Pima kimoja kimoja, andika. Mwili na kitako nilimwachia fundi bunduki afungue na tukapima pale pale kwake mezani. Yangu ilisoma hivi: mwili wa bunduki pamoja na bolti na triga gramu 1,050, mtutu wa sentimita 56 gramu 1,080, kitako cha mbao ya mjozi gramu 1,250, vyuma vya chini na magazini gramu 220. Hiyo ni kilo 3.6 kamili, bunduki tupu. Alafu sasa njoo kwenye mapambo: darubini gramu 720, pete na bezi za chuma 210, miguu miwili ya mbele 390, mkanda wa ngozi 190, risasi nne kama gramu 96. Jumlisha unapata kilo 5 na gramu 206.

Niliangalia ile karatasi muda mrefu. Kilo moja na nusu ya vitu vilivyoning'inia, na mimi nilikuwa naulizia bei ya mtutu mwembamba utakaonipunguzia gramu mia mbili!

Kwa hiyo nilianza na vya juu. Miguu ya mbele niliitoa kabisa. Najua wanaopiga shabaha uwanjani wanaipenda na uwanjani iko sahihi, ila kwenye nyasi za kimo cha kiuno ukilala chini huoni hata sikio la mnyama, kwa hiyo unaibeba bure mwaka mzima. Badala yake tunatumia panda, vijiti vitatu vilivyofungwa juu kwa mpira, traka anavibeba na vinamsaidia hata kutembelea, ukivifungua unaegemea umesimama au umekaa. Gramu 390 zimeondoka kwenye bunduki bila kulipa hata shilingi. Mkanda wa ngozi ni mzuri kwa macho, ila ukilowa jasho unakuwa mzito na harufu yake sijui hata niielezeje, nikaweka wa nailoni mpana wa gramu 80. Pete za chuma nikaweka za aluminiamu nzuri, sio zile za bei ya kutupa, pamoja na bezi zikafika gramu 95.

Darubini hapo ndo kuna mjadala. Mtu anakwambia mbali ni mbali, lazima uwe na darubini ya kukuza mara 25 yenye kioo cha mbele kama sahani. Zile zinafika gramu 900 mpaka kilo nzima. Sasa jiulize unapiga umbali gani kweli. Kwenye miombo, huku Lindi, Morogoro mpaka Tabora, mara nyingi hupati hata mita 150 za kuona mnyama mzima bila tawi katikati. Kule kwenye mbuga wazi, Simanjiro na Monduli mpaka karibu na Ziwa Natron, hapo sawa, swala granti anakutazama toka mita 300 na hakuna hata kichuguu cha kujificha. Kwa umbali huo kukuza mara 10 kunatosha na kubaki. Nilichukua inayoanzia mara 3 na kuishia mara 10, kioo cha mbele milimita 40, gramu 430. Ile mara 3 ya chini inanisaidia kuliko ile 10 ya juu, maana mnyama akitoka ghafla mita 40 ukiwa umekuza sana unaona manyoya matupu hujui hata ni bega au tumbo.

Piga hesabu hapo. Miguu 390, mkanda 110, pete 115, darubini 290, jumla gramu 905 zimetoka na bunduki yenyewe bado haijaguswa. Mtu wa bajeti ndogo anaweza kuishia hapa na bado akawa amefanya kazi kubwa.

Hatua inayofuata ni kitako, na kwa sisi wa pwani hii sio habari ya uzito peke yake. Mbao inakunywa unyevu. Dar hewa ni nzito mwaka mzima, masika ndo usiseme, kitako cha mbao kinavimba kidogo kidogo, kikipanda Arusha kwenye ukavu kinanywea, na kila kikicheza kinausukuma mtutu upande, unakuta bunduki uliyoilenga vizuri mwezi wa nne inapiga kushoto mwezi wa saba na hujaigusa. Mimi hii ilinisumbua miaka miwili nalaumu risasi. Kitako cha nyuzi za kaboni au cha nyuzi za kioo hakina shida hiyo, na kizuri kinakaa kati ya gramu 600 na 900. Changu kimesoma 740, na vyuma vya chini vya aluminiamu gramu 90. Umeokoa 640 nyingine.

Ila kitako chepesi kikikaa vibaya ni hasara tupu, bora ubaki na mbao. Fundi akifunga lazima mwili wa bunduki ulale kwenye kitako kama yai kwenye kiota chake, anaweka nguzo ndogo za aluminiamu pale skrubu zinapopita ili ukikaza zisiminye kitako, alafu anamimina gundi ngumu ya epoksi ichukue umbo la chuma chenyewe. Kazi hii usiifanye jikoni kwako, gundi ikiingia kwenye uzi wa skrubu au kwenye triga umeua bunduki. Wewe kagua tu akishamaliza. Chukua noti, ipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele, ivute kurudi nyuma mpaka karibu na chemba. Ipite laini njia nzima. Ikikwama mahali, hapo pamegusa, na mtutu unaogusa kitako ukipata moto utakupeleka usikokwenda. Alafu legeza na ukaze skrubu ya mbele huku kidole chako kimekaa pale mtutu unapokutana na mbao au kaboni, ukisikia chuma kinacheza juu chini jua haikulala vizuri, mrudishie. Usione aibu kumrudishia, fundi wa kweli hachukii.

Sasa mtutu. Mimi sikuugusa wangu na sijutii. Mtutu ukiwa mwembamba sana unapata moto haraka, risasi ya kwanza na ya pili zinakaa pamoja, ya tatu inaanza kutembea. Ukiwa mfupi sana unapoteza mwendo, kwa risasi za kawaida kila inchi unayoikata inakula kama mita 6 mpaka 9 kwa sekunde, na mlio unakuwa mkali zaidi masikioni. Sentimita 56, yaani inchi 22, kwa kuwinda ni saizi ya katikati nzuri. Kuna hii mitutu iliyozungushiwa kaboni, watu wanaizungumza kama dawa ya kila ugonjwa, ukweli ni kwamba yenyewe ni myepesi ukiilinganisha na mtutu mnene wa chuma, ukiilinganisha na mtutu mwembamba wa chuma mara nyingi mwembamba ndo mwepesi. Faida ya kaboni ni ugumu, unapata mtutu mnene usiopinda kwa uzito wa mtutu wa kati. Kama unapiga risasi nyingi mfululizo, sawa, lipa. Kama unawinda na unapiga risasi moja kwa siku, au siku nzima hupigi kabisa, hiyo pesa weka kwenye risasi za mazoezi.

Titaniamu pia watanitajia. Ni kweli uzito wake ni kama asilimia 60 tu ya chuma, mwili wa bunduki wa titaniamu unaokoa gramu mia mbili hivi na zaidi, ila kwa bei yake unaweza kununua kitako, darubini na bado ukabakiwa. Hicho kiwe cha mwisho kwenye orodha yako.

Jumla yangu mpya, pamoja na darubini, mkanda na risasi nne ndani: kilo 3 na gramu 661. Kilo moja na nusu na ushee zimekwenda, mtutu ni ule ule.

Kuhusu kaliba nitasema kidogo tu maana hapa watu huwa wanagombana. Ulizia risasi kabla hujaulizia bunduki. Kaliba nzuri isiyo na risasi nchini ni fimbo ya gharama. .308 ya mwaka 1952 na .30-06 ya mwaka 1906 ni za zamani ila zimezoeleka kila mahali, .270 ya 1925 nayo bado inafanya kazi yake kimya kimya. 6.5 Creedmoor ilitoka 2007, haina teke kubwa (ule msukumo wa bunduki begani ikilia) na kichwa chake chembamba kirefu kinakata upepo vizuri, ndo maana wapenda mbali wanaipenda, na ndo niliyonayo mimi. Kwa swala, ngiri, kongoni, inatosha kabisa. Ila usije ukaipeleka kwa nyati! Kwa wanyama wa hatari sheria zetu zinataka .375 kwenda juu na hiyo sheria imeandikwa kwa sababu watu wamekufa. Utasikia habari za yule Mskochi Walter Bell, aliyewinda tembo huku Afrika Mashariki miaka zaidi ya mia iliyopita na 7x57, kaliba ndogo kabisa, kwenye bunduki nyepesi. Ni kweli alifanya hivyo, na alikuwa anajua ubongo wa tembo ulipo kutoka kila upande, alipasua mafuvu kujifunza. Hata hivyo leo hairuhusiwi na isikupe tamaa.

Kuna bei moja ya wepesi ambayo dukani hawakwambii, nayo ni teke. Bunduki ikipungua kutoka kilo 4 kwenda 3, kwa risasi ile ile, nguvu ya teke inaongezeka theluthi nzima, hiyo ni fizikia tu, hakuna ujanja. Kwa 6.5 au .308 unavumilia. Kwa .300 Winchester Magnum kwenye bunduki ya kilo 3 utaanza kufumba macho kabla hujavuta triga, na ukishaanza kufumba macho kuacha ni kazi ya miezi. Nimemwona jamaa mzima mwenye kifua chake anapiga uwanjani, tukamwekea ganda tupu bila yeye kujua, alivyovuta triga bunduki ikainama mbele karibu sentimita kumi na haikulia. Alikuwa anaisukuma mwenyewe kwa woga wa teke. Breki ya mtutu, kile kifaa cha matundu kinachofungwa mdomoni mwake, inapunguza teke kweli, ila inarudisha mlio pembeni na nyuma, na pembeni yako kuna traka na skauti wa wanyamapori ambao hawajavaa kitu masikioni. Mimi siweki. Mpira mzuri wa kitako unanitosha.

Triga nayo. Bunduki nyepesi inasukumwa kirahisi, kama triga inataka kilo mbili na nusu kuivuta na bunduki yenyewe ni kilo tatu na nusu, hapo kidole ndo kinalenga badala ya jicho. Mwambie fundi aiweke kwenye kilo moja na gramu mia moja mpaka mia nne hivi. Usishuke chini ya hapo kwa bunduki ya porini, kuna baridi ya alfajiri, kuna moyo unaodunda, kidole hakisikii vizuri.

Skrubu. Hapa nataka uniazime masikio maana ndo palipoumiza safari yangu moja nzima. Darubini mpya nilifungiwa dukani, jamaa akakaza kwa mkono akanipa, nikaenda uwanjani nikapiga vizuri, nikaridhika. Baada ya siku nne tukaondoka Dar, Kibiti, Nangurukuru, alafu ile barabara ya vumbi ya kuingia Liwale, bunduki iko kwenye begi lake nyuma ya siti inatikisika masaa yote hayo. Asubuhi yake kongoni dume amesimama ubavu mita 120, vijiti vimekaa vizuri, nimepumua vizuri, nimevuta, vumbi likaruka mbali juu ya mgongo wake. Akaondoka. Nashukuru Mungu nilimkosa kabisa, maana kumjeruhi na kumpoteza kwenye miombo ni kitu kinachokaa na mtu. Nikagusa darubini kwa mkono ikazunguka. Skrubu mbili za pete zilikuwa zimelegea kiasi cha kufunguka kwa kucha.

Siku hizi nina bisibisi ya kupimia nguvu ya kukaza. Skrubu za pete karibu nyutoni mita 2, za bezi kama 3, zile kubwa mbili za kitako kati ya 5 na 7 kama kuna zile nguzo za aluminiamu, na ufuate alichoandika mtengenezaji wa pete zako kama ni tofauti. Safisha mafuta kwenye uzi kwanza kwa spiriti, weka tone dogo la gundi ya skrubu ile ya bluu kwenye bezi, alafu chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kuvuka kichwa cha skrubu mpaka kwenye pete. Skrubu ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na unauona kwa macho. Shemeji yako atakuazima rangi. Na ukifika kambini, kama umeruhusiwa na skauti, piga risasi moja kwenye karatasi mita 100 kabla hujamfuata mnyama yeyote.

Kulenga. Darubini nyingi zina mibonyezo ya aina mbili. Ile ya miliradiani kila mbonyezo ni sentimita 1 ukiwa mita 100, rahisi sana kwetu tuliosoma kwa sentimita. Ile nyingine ya robo dakika ya pembe ni kama milimita 7 kwa mita 100. Chagua moja na ubaki nayo. Mimi naiweka 6.5 ipige katikati mita 200. Kwa kichwa cha risasi cha greni 143 (kama gramu 9) kinachotoka karibu mita 820 kwa sekunde, mita 100 inapiga juu sentimita chache, mita 300 inashuka karibu sentimita 25, mita 400 karibu sentimita 70. Hizo ni za kuanzia tu, ya kwako uipige mwenyewe kwenye karatasi umbali huo huo, usiamini namba za boksi maana mtutu wako sio wao. Alafu hewa: Dar tuko usawa wa bahari, hewa nzito, Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu, hewa nyepesi, risasi inashuka kidogo pungufu. Kwa mita 200 huoni tofauti, kwa 400 utaiona.

Upepo ndo unaopoteza watu. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, ule unaotikisa majani na matawi madogo, kwa mita 300 unaipeleka risasi hiyo karibu sentimita 15. Sehemu ya moyo na mapafu ya swala pala ni kama sahani ya chakula. Ukijumlisha upepo uliokosea na pumzi iliyokosea umeshatoka kwenye sahani. Ndo maana mbali yangu mimi ni mita 300, nimeegemea, upepo mdogo, mnyama ametulia. Kuna siku mbali yangu ni 150. Uwezo wa bunduki ni kitu kingine kabisa.

Na mazoezi ya bunduki nyepesi yako tofauti. Bunduki nzito inatulia yenyewe, nyepesi inafuata hata mapigo ya moyo wako, utaona msalaba wa darubini unadunda. Usiishikilie kwa nguvu. Ivute kitako begani kwa utulivu, mkono wa mbele uizuie kidogo kwenye vijiti, usiiache ielee. Ukifika uwanjani usikae kwenye meza na mifuko ya mchanga siku nzima ukafurahia matundu yanayogusana, meza haitembei na wewe porini. Risasi tano mezani kuhakikisha bunduki iko sawa, zilizobaki zote kwenye vijiti, umekaa, umesimama, umetoka kukimbia mita hamsini.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la risasi ya baridi. Karatasi moja, nairudisha nyumbani naikunja kwenye begi. Kila nikienda uwanjani, kabla ya kitu chochote, mtutu ukiwa baridi, napiga risasi moja kwenye karatasi ile ile, naandika tarehe pembeni ya tundu, naikunja tena. Baada ya safari sita au saba una picha ya kweli kabisa ya bunduki yako na yako wewe, sio ile ya risasi ya tatu ukiwa umeshapasha mwili. Mnyama anapigwa na risasi ya kwanza ya baridi. Yangu ina matundu tisa sasa, manane yako ndani ya kiganja, moja liko nje kidogo upande wa kulia na najua kwanini, ile asubuhi nilikuwa nimelala masaa matatu. Na kwa jua letu la Dar, saa tano joto limefika 32, subiri kati ya risasi na risasi, bolti imefunguliwa, bunduki iko kivulini. Mtutu mwembamba ukiushika usiweze kuuvumilia kwa mkono, umechelewa kusubiri.

La mwisho ni chumvi. Mimi nakaa Kigamboni, upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini. Watu wanadhani mtutu wa stenlesi haupati kutu, unapata, unachelewa tu. Nikirudi porini napitisha kitambaa mpaka kitoke cheupe, naweka mafuta membamba ndani na nje, nafuta bolti na chini ya bezi ambapo jasho linajificha, na ndani ya kabati la chuma lenye kufuli naweka vifuko vya kunyonya unyevu navibadilisha kila baada ya miezi miwili. Kamwe haikai ndani ya begi la sponji, sponji inashika unyevu kama dodoki, jirani yangu aliiacha yake humo masika moja tu akaja kunionesha vidoa vya rangi ya chai mtutu mzima. Kabla ya safari nayafuta mafuta ya ndani yote, maana risasi ya kwanza ikipita kwenye mafuta haiendi pale karatasi yangu inaposema, alafu nabandika kwenye ubavu wa kitako kikaratasi kidogo chini ya selotepu: 200 katikati, 300 sentimita 25, upepo 15. Mbele ya hapo sijaandika kitu.